Kutazama ndege zikitua na kuruka Dar es Salaam: mwongozo kamili kwa anayeanza

Watu wengi wanaotaka kuanza kutazama ndege huuliza kwanza wanunue kamera gani. Jibu langu ni lile lile siku zote: usinunue chochote kwa sasa. Jifunze upepo kwanza. Ukijua upepo unavumia wapi, utajua ndege zitatokea upande gani, zitapita juu ya mitaa ipi, na zitakuwa chini kiasi gani zikikufikia. Baada ya upepo jifunze kusoma namba iliyoandikwa ubavuni mwa ndege. Kamera ije mwisho. Hata isipokuja kabisa, bado utafaidi sana.

Nitaeleza hatua zote kwa kutumia Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, kwa sababu ni uwanja wenye shughuli nyingi, uko ndani ya jiji, na una kila aina ya ndege: kuanzia Cessna ya abiria wachache wanaokwenda Unguja hadi Boeing 777 ya Dubai.

Ufahamu uwanja kabla hujatoka nyumbani

Kwenye tiketi uwanja huu huandikwa DAR. Kwa marubani na waongoza ndege ni HTDA. Shika herufi hizi nne, utazihitaji muda si mrefu.

Kuna njia mbili za kurukia na kutua. Kubwa inaitwa 05/23, na ndiyo inayobeba karibu kila kitu. Ndogo ni 14/32, mita 1,000 tu, haiwezi kupokea ndege kubwa. Namba hizo zimetokana na dira. Ondoa sifuri ya mwisho kwenye digrii 050 unapata 05. Ondoa kwenye 230 unapata 23. Ndege inayotua njia ya 05 inaelekea kaskazini-mashariki, yaani imetokea bara upande wa kusini-magharibi na pua yake inatazama mjini na baharini. Inayotua 23 inafanya kinyume: imetokea upande wa bahari na mji.

Majengo ya abiria ni matatu. Jengo la Kwanza ni la ndege ndogo na za kukodi. Jengo la Pili, lililofunguliwa mwaka 1984, limesanifiwa na Mfaransa Paul Andreu, yule yule aliyesanifu jengo la kwanza la uwanja wa Charles de Gaulle, Paris. Ukipita pale tazama paa lake vizuri kabla hujakimbilia ndani. Jengo la Tatu lilifunguliwa Agosti 2019 kwa ajili ya safari za kimataifa, na limejengwa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka.

Hatua ya kwanza: soma upepo

Ndege hutua na kuruka ikiukabili upepo. Upepo wa mbele unaisaidia kupaa kwa umbali mfupi zaidi, na wakati wa kutua unaipunguzia mwendo wa ardhini. Kwa hiyo anayeamua ndege zipite wapi leo ni upepo.

Hapa watu wa pwani tuna bahati, maana upepo wetu una majira. Kaskazi, inayovuma kati ya Novemba au Desemba na Machi, hutokea kaskazini-mashariki. Ukiweka dira unaona kwamba njia ya 05 inaielekea moja kwa moja. Kipindi cha kaskazi, tegemea ndege kutua zikitokea bara na kuruka zikielekea mjini.

Kusi ndiyo inayohitaji akili. Inavuma kuanzia Aprili hadi kama Septemba, ikitokea kusini au kusini-mashariki, na inaikata njia kwa ubavu. Tumia kanuni hii: upepo unaotoka digrii 140 unapiga njia katikati kabisa, haupendelei upande wowote. Ukisogea kuelekea kusini, tuseme 170 au 190, njia ya 23 inapata upepo wa mbele. Ukirudi kuelekea mashariki, tuseme 110, 05 ndiyo inayofaa. Kwa hiyo siku moja ya kusi asubuhi inaweza kuwa na ndege upande mmoja, na alasiri, upepo wa baharini ukishaingia, zikahamia upande mwingine. Upepo ukiwa dhaifu, waongoza ndege wanaweza kuchagua njia kwa sababu nyingine kabisa, kama vile urahisi wa foleni.

Utajuaje upepo wa sasa hivi bila kupanda juu ya nyumba? Viwanja vikubwa hutoa taarifa ya hali ya hewa inayoitwa METAR, kwa kawaida kila saa au kila nusu saa, na inapatikana bure mtandaoni. Tafuta METAR ya HTDA. Utakuta mstari wa namna hii (huu nimeutunga kwa ajili ya somo):

HTDA 151200Z 04012KT 9999 FEW022 31/24 Q1010

Usiogope. HTDA ni uwanja wetu. 15 ni tarehe, 1200Z ni saa. 04012KT ndiyo roho ya mstari: upepo unatoka digrii 040, kasi noti 12, ambayo ni kama kilomita 22 kwa saa. 9999 maana yake unaona kilomita 10 au zaidi. FEW022 ni mawingu machache kwenye futi 2,200. 31/24 ni joto la hewa na kiwango cha umande, kwa nyuzi za Selsiasi. Q1010 ni mgandamizo wa hewa. Ukisoma 040 na unajua njia ni 050, umeshapata jibu: leo ni 05.

Hiyo Z ni saa ya dunia, iko nyuma ya saa yetu ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kwa anayehesabu saa kwa Kiswahili kuna njia ya mkato: toa tatu tu. 1200Z ni saa tisa alasiri. 0900Z ni saa sita mchana. Ikipita kumi na mbili, toa kumi na mbili nyingine: 1800Z, ukitoa tatu unabaki na kumi na tano, kwa hiyo ni saa tatu usiku. Ukishazoea, utasoma mstari mzima ukiwa umesimama kwenye daladala.

Hatua ya pili: chora mstari kwenye ramani

Fungua ramani ya setilaiti kwenye simu au kompyuta, tafuta njia kubwa ya uwanja, kisha weka rula juu yake na uiendeleze pande zote mbili. Mstari huo ndio barabara ya ndege zinazotua. Upande wa kaskazini-mashariki unapita Kiwalani, Vingunguti na Buguruni ukielekea Kariakoo na katikati ya mji. Upande wa pili unakwenda bara, kuelekea Gongo la Mboto na Pugu. Usiniamini mimi kwa mdomo, chora mwenyewe, kwa sababu tofauti ya mitaa miwili au mitatu inatosha kukuonyesha tumbo la ndege badala ya ubavu.

Sasa hesabu urefu. Ndege ya abiria inayotua kwa kawaida huteremka kwa mwinuko wa digrii 3. Hiyo ni kama mita 52 za kushuka kwa kila kilomita moja, na inavuka mwanzo wa njia ikiwa mita 15 hivi juu ya ardhi. Kwa hiyo ukiwa kilomita 2 kutoka mwanzo wa njia, ndege itakupita kwenye mita 120 hivi. Kilomita 5, mita 275. Mtu aliye Kariakoo, kama kilomita 8, anaiona kwenye mita 430 hivi. Boeing 787 ina mabawa ya mita 60 kutoka ncha hadi ncha. Kwa mita 120 juu ya kichwa chako inajaza macho, na unaona mpaka matairi yakizunguka polepole kwa upepo.

Usikae chini ya mstari wenyewe kama unataka kuona ndege vizuri. Kaa pembeni yake, mita mia mbili hadi mia nne, upande ambao jua liko mgongoni mwako. Hapo utaona ubavu, madirisha, rangi za shirika na namba. Chini kabisa ya mstari ni mahali pa kusikia na kuhisi, nako kuna raha yake, hasa kwa watoto.

Zinazoruka ni habari nyingine. Ndege ikishainua pua hupanda kwa kasi kuliko ilivyoshuka, na nyingi hukata kona mapema kuelekea zinakokwenda. Usizingojee mbali.

Hatua ya tatu: jua nini kinakuja

Programu za simu za kufuatilia ndege, maarufu zaidi ikiwa Flightradar24, zinaonyesha ndege kwenye ramani kwa sababu ndege zenyewe hutangaza mahali zilipo. Kila ndege yenye kifaa cha ADS-B inatuma, kwenye masafa ya megahezi 1090, utambulisho wake, kimo chake na mwendo wake mara kadhaa kila sekunde. Vipokezi vilivyowekwa na watu wa kawaida kwenye mapaa ya nyumba zao hukusanya ishara hizo na kuzituma mtandaoni. Ndege ndogo za zamani huenda zisionekane kabisa, kwa hiyo usishangae Cessna ikikupita kichwani wakati simu inasema anga ni tupu.

Toleo la bure linatosha. Fungua orodha ya zinazowasili DAR, angalia aina ya ndege na saa, chagua moja au mbili unazozitaka, kisha ondoka nyumbani nusu saa kabla. Bando lisipotee bure: ukishajua ndege ipo umbali gani, funga programu. Ikiwa kilomita 10 kutoka kwenye njia imebakiza dakika mbili na nusu hivi, kwa maana mwendo wa kutua ni kama kilomita 260 kwa saa.

Chukua juma zima ukiandika nani anakuja saa ngapi. Ratiba hubadilika kila msimu, kwa hiyo jedwali la mwaka jana halifai. Lakini utaona mpangilio: ndege ndogo za Zanzibar zinapishana tangu alfajiri hadi jua kuzama, safari za mikoani zinajaa asubuhi, na zile kubwa za Ghuba, Uturuki na Ulaya zina saa zake. Kumbuka kwamba bodi ya uwanja inahesabu saa 24 kuanzia usiku wa manane. Iliyoandikwa 03:00 inafika saa tisa usiku. Usimtoe mtu nyumbani saa tatu asubuhi.

Hatua ya nne: tambua aina

Hapa ndipo mambo yanaponoga, na nashauri uanze na ndege zetu wenyewe, kwa kuwa utaziona kila siku.

Air Tanzania ina twiga, hilo utaliona kabla ya jina. Chini ya twiga huyo kuna familia kadhaa. Yenye mapangaboi mawili na bawa lililo juu ya mwili ni Dash 8-400, ambayo mitaani kila mtu anaiita Bombardier tangu zile mbili za kwanza zilipofika Septemba 2016. Usiichanganye na ATR za Precision Air, nazo zina mapangaboi mawili na bawa la juu. Tazama miguu. Magurudumu ya Dash yananing'inia kutoka kwenye injini, marefu na membamba, na yanarudi humo humo. Ya ATR ni mafupi, yanatoka kwenye uvimbe ulio chini ya tumbo. Ukishaliona hilo mara moja hutazichanganya tena maishani.

Airbus A220-300 ni ndege ya ukubwa wa kati yenye injini mbili chini ya mabawa. Air Tanzania ilikuwa shirika la kwanza Afrika kuirusha, ya kwanza ikifika Desemba 2018. Na ni ndege iliyobuniwa na Bombardier, kabla Airbus haijachukua mradi mwaka 2018, kwa hiyo ni ndugu wa hiyo yenye mapangaboi. Itambue kwa sikio: injini zake zinapobadilisha nguvu wakati wa kukaribia hutoa mlio mrefu wa kuomboleza, unaopanda na kushuka kama sauti ya nyangumi. Hakuna ndege nyingine hapa Dar inayolia vile. Ukiwa ndani ya nyumba umefumba macho utaitaja.

Boeing 737 MAX 9, iliyoanza kuja mwaka 2023, inafanana na 737-800 za mashirika mengine, ila ncha zake za mabawa zimegawanyika mara mbili, moja inakwenda juu na nyingine chini, na nyuma ya injini pana meno kama ya msumeno.

Dreamliner, yaani 787-8, ina meno hayo hayo nyuma ya injini, lakini kinachoitambulisha ni mabawa. Ukiitazama kwa mbele ikija kutua, mabawa yamepinda kwenda juu kwa mkunjo mmoja laini, mwili ukiwa chini katikati. Ya kwanza ya Air Tanzania ilitua Dar Julai 2018. Itazame ikigusa ardhi: magurudumu ya nyuma kwanza, moshi mweupe unatoka pale mpira unapolazimika kuzunguka ghafla, kisha vibao vya juu ya bawa vinasimama wima ili bawa liache kuinua na uzito wote uende kwenye breki. Pua inashuka mwisho, taratibu. Sekunde moja baadaye ndipo ngurumo inakufikia, injini zikielekeza msukumo mbele.

Kuna pia Boeing 767 ya mizigo, haina madirisha ya abiria, iliyopokelewa Juni 2023. Ukiiona jua umepata bahati.

Kwa wageni wakubwa, mtihani wa kawaida ni kutofautisha Boeing 777 na Airbus A330. Hesabu magurudumu. Kila mguu mkuu wa 777 una magurudumu sita, wa A330 una manne. Na mkia wa 777, mwisho kabisa wa mwili, umebanwa kama ubapa wa panga, wakati wa A330 umechongoka mviringo. A350 ikipita utaijua kwa miwani myeusi iliyozunguka kioo cha rubani.

Ndege ndogo zenye injini moja puani na miguu isiyokunjwa, zile zinazokwenda Unguja na mbugani, nyingi ni Cessna Caravan. Watu wengi hawazijali. Mimi nazipenda kuliko zote, kwa sababu zinapita chini, zinapita mara nyingi, na rubani unaweza kumwona shingo.

Hatua ya tano: soma namba na uweke daftari

Kila ndege ya kiraia ina namba ya usajili nyuma ya ubavu, na mara nyingi chini ya bawa. Herufi za mwanzo ni nchi. 5H ni Tanzania, 5Y Kenya, 5X Uganda, 9XR Rwanda, 9U Burundi. ET ni Ethiopia, A6 Falme za Kiarabu, A7 Qatar, A4O Oman, TC Uturuki, SU Misri, PH Uholanzi, ZS Afrika Kusini. Dreamliner ya kwanza ya Air Tanzania ni 5H-TCG, na ukitazama mashine zote mpya za shirika utaona zinakwenda kwa mpangilio wa TC na herufi moja mbele yake.

Namba hizi zina historia. East African Airways, iliyoanzishwa mwaka 1946, ilikuwa mali ya nchi tatu kwa pamoja, na ndege zake za Super VC10 za miaka ya 1960 ziligawanywa usajili: 5X-UVA ya Uganda, 5H-MMT ya Tanzania, 5Y-ADA ya Kenya. Shirika lilipokufa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya, kila nchi ikaanza lake, na Air Tanzania ikazaliwa mwaka huo huo. Mzee aliyewahi kuishi jirani na uwanja miaka hiyo anaweza kukusimulia mlio wa VC10, injini nne zote zikiwa nyuma mkiani. Muulize, na uandike anachokwambia.

Nunua daftari la shule. Mstari mmoja kwa ndege moja: tarehe, saa, namba, aina, shirika, njia iliyotumika, upepo. Kwa mfano: saa 10:20 jioni, 5H-TCG, 787-8, ATCL (yaani Air Tanzania), imetua 05, upepo 060/10, imesafishwa karibuni. Safu ya upepo usiiache. Baada ya miezi michache utakuwa na kalenda yako ya kaskazi na kusi, na utaweza kubashiri njia kabla hujafungua METAR.

Namba ikikushinda kusoma, darubini ya 8x42 au 10x50 inatosha. Kuliko kununua lenzi ya bei mbaya, nunua darubini.

Hatua ya sita: ulinzi na sheria, soma sehemu hii mara mbili

Kuinua macho ukatazama ndege inayopita juu ya mtaa wako hakuhitaji kibali cha mtu. Kamera ni suala jingine. Chukulia kwamba huruhusiwi kupiga picha za majengo ya uwanja, uzio, mitambo, mnara wa kuongozea ndege, maegesho ya ndege wala vituo vya ukaguzi, mpaka uwe na ruhusa mkononi. Kambi ya Airwing ya jeshi iko jirani na uwanja, upande wa Ukonga. Ndege za jeshi na za viongozi usizielekezee kamera hata kama zinapita juu ya kichwa chako.

Usisimame kwenye uzio. Usiegeshe gari au bodaboda kwenye bega la Barabara ya Nyerere ukisubiri ndege. Ni hatari kwako, na unatia watu wasiwasi. Ukienda mtaa usio wako, pita kwanza ofisi ya serikali ya mtaa, msalimie mwenyekiti au mjumbe, mweleze unafanya nini. Dakika tano hizo zitakuokoa na maswali ya siku nzima. Ukitaka kutumia paa la ghorofa Kariakoo au Buguruni, ongea na mwenye nyumba, na mlinzi ajue jina lako.

Askari akikufuata, usifiche simu wala usianze kutembea haraka. Msalimie: habari za kazi, afande. Mwonyeshe daftari kabla hajauliza. Daftari lenye tarehe na namba linaeleza shughuli yako kuliko maneno mengi. Akisema futa picha, futa. Akisema ondoka, ondoka, na usirudi hapo siku hiyo.

Anayetaka kupiga picha kwa utulivu ndani ya eneo la uwanja aandike barua kwa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania, TAA. Iwe fupi: jina na namba ya kitambulisho cha NIDA, dhumuni, tarehe na saa, sehemu unayoomba kusimama, vifaa utakavyobeba, na picha zitatumika wapi. Jibu liwe la maandishi na ulibebe. Mkiwa kikundi nafasi ni nzuri zaidi, hasa mkipitia shule, chuo au klabu inayojulikana.

Droni usirushe karibu na uwanja, kwa sababu yoyote ile. Tochi ya leza usiielekeze angani; inaweza kumpofua rubani akiwa kwenye mita mia za mwisho. Kipokezi cha ADS-B au redio ya masafa ya anga usiagize kabla hujawauliza TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ni nini kinaruhusiwa.

Na usitupe mabaki ya chakula. Dar ina kunguru wasiohesabika, na chipsi ulizomwaga zinawaita pale pale ndege zinaposhuka. Ndege mnyama mmoja akiingia kwenye injini anaweza kuiharibu. Beba mfuko, rudi na taka zako.

Hatua ya saba: picha, kama umeamua

Simu ya kawaida inatosha kwa ndege iliyo chini ya mita 200. Vuta mara mbili au tatu, usizidishe, maana kuvuta kwa programu kunaharibu picha. Gusa ndege kwenye kioo ili simu ipime mwanga wake, vinginevyo anga jeupe litaifanya ndege iwe kivuli. Piga mfululizo, chagua moja, futa nyingine.

Mwenye kamera aweke kasi ya 1/1000 ya sekunde kwa ndege za jeti. Kwa mapangaboi ashuke hadi 1/250 au hata 1/125, la sivyo mapanga yataonekana yamesimama kana kwamba injini imezimika angani. Kwa kasi hiyo ndogo lazima ugeuke na ndege kwa kiuno, miguu ikiwa imetulia, na uendelee kugeuka hata baada ya kubonyeza.

Kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa tisa, lami na mabati hupanda joto na hewa inachezacheza; picha ya mbali haitatoka safi hata uwe na lenzi gani. Saa moja hadi saa tatu asubuhi, na saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, ndizo saa zako. Kuhusu upande wa jua: kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mapema Oktoba jua la mchana liko kaskazini mwa jiji, miezi mingine liko kusini. Ukiwa kwenye mstari wa 05/23, hilo ndilo linaloamua ukae upande gani wa mstari.

Ukiwa mji mwingine

Njia ni ile ile, badilisha herufi nne tu. Zanzibar ni HTZA, na njia yake ya 18/36 imelala kusini na kaskazini, kwa hiyo majira yanasomeka waziwazi zaidi kuliko Dar: kaskazi zinatua 36, kusi zinatua 18. Kilimanjaro ni HTKJ, 09/27. Mombasa ni HKMO, 03/21. Entebbe ni HUEN, 17/35, na Kigali ni HRYR, 10/28.

Nairobi kuna viwanja viwili vya kufuatilia. Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA), HKJK, una njia ya 06/24 ya mita 4,117, na upepo wa mashariki hufanya ndege nyingi zitue 06 zikitokea upande wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ndiyo maana aliye ndani ya mbuga anaweza kuona twiga chini na jeti juu kwa wakati mmoja. Wilson, HKNW, ni ya ndege ndogo na inachangamka kutwa nzima. Uwanja wa JKIA uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, wetu wa Dar uko kwenye mita 55. Hewa ya kule ni nyepesi, kwa hiyo ndege ya aina ile ile yenye mzigo ule ule inakimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Chukua saa ya mkononi, pima sekunde kutoka inapoanza kukimbia hadi pua inapoinuka, andika kwenye daftari, halafu mwombe mwenzako wa mji mwingine apime aina hiyo hiyo ya ndege kwake.